Barafu Haikufika Amu, Lakini Kongamano Lake Linatuhusu

Swali: Assalam aleikum. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili hapa Lamu, au Amu kama tunavyopaita wenyewe. Rafiki yangu wa chuoni amenitumia tangazo la kongamano la wanasayansi huko Nairobi, kuhusu historia ya enzi za barafu na utafiti wa tabianchi ya ukanda wetu. Walimu pia wanakaribishwa. Wenzangu ofisini wamenicheka, wanasema barafu Amu tunaijua ya kuhifadhia samaki tu. Je, kuna langu huko, au nitakunywa chai na kurudi? Na wanafunzi nao wananiuliza: ikiwa enzi ya barafu itarudi siku moja, ya nini kuhangaika na joto la dunia?

Jibu: Waaleikum salaam, mwalimu. Nenda. Nauli na malazi ya Nairobi si mchezo, najua, lakini nenda, tena usiende na daftari tupu la kunakili maneno ya wengine. Wenzako waache wacheke. Kisiwa wanachokalia wakicheka kimekuwa kisiwa kwa sababu ya barafu hiyohiyo ya mbali.

Barafu ilipofikia kilele chake, yapata miaka 21,000 iliyopita, Kanada karibu yote na kaskazini ya Ulaya zilikuwa zimelaliwa na barafu yenye unene wa kilomita kadhaa. Maji ya kuifanyiza yalitoka baharini, hayakuwa na pengine pa kutoka, na usawa wa bahari ukashuka kiasi cha mita 120 chini ya wa leo. Wewe umepita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, ukienda Pate. Unajua jinsi mashua inavyongoja maji yajae, na nahodha akipiga hesabu vibaya mnakaa juu ya tope, mikoko kushoto na kulia, mpaka maji yarudi. Mlango unaofungwa na kupwa ya siku moja, bahari ikishuka mita 120 unabaki nini? Nchi kavu, na si hapo tu. Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu vyote vilikuwa vipande vya bara, na ufuo ulikuwa nje huko, ng'ambo ya miamba, mahali ambapo leo chombo kinaelea juu ya kina kirefu. Hata hori za Kilifi na Mtwapa ni mabonde ya mito. Mito hiyo ilijichimbia njia kuifuata bahari iliyoshuka, kisha bahari iliporudi ikayafunika.

Kule Unguja jambo hili limeacha mifupa. Katika pango la Kuumbi wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hakuna aliyewapakia jahazini. Walitembea kwa miguu, maana mkondo kati ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu. Pemba haikuungana na bara, kwa kuwa mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Wape wanafunzi ramani ya baharini yenye vipimo vya kina, wapake rangi kila mahali pasipofika mita 120, halafu waache wabishane wenyewe. Hilo ni somo zuri kuliko sura nzima ya kitabu.

Barafu ilipoanza kuyeyuka bahari haikupanda taratibu siku zote. Karibu miaka 14,500 iliyopita palikuwa na kipindi cha karne chache ambapo ilipanda kama mita 4 kwa kila karne. Linganisha na sasa: kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na miaka ya karibuni kasi imekuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Ni kidogo ukitazama ya zamani. Lakini watu wa zamani hawakuwa wamejenga gati, misikiti na mji wa mawe kwenye ukingo wa maji.

Kuna upande wa pili wa hadithi hiyo, nao unaupita kila siku mtaani. Kabla ya enzi ya mwisho ya barafu palikuwa na kipindi cha joto, yapata miaka 125,000 iliyopita, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya hapa ilipo. Matumbawe yakajenga humo. Bahari iliposhuka yakabaki juu yakiwa makavu, ndio miamba tunayoikanyaga sehemu kubwa ya pwani hii, pamoja na ule ulioshika mnara wa Vasco da Gama hapa Malindi nilipo. Wapeleke wanafunzi Maweni, kisiwani Manda, wakawaone wachonga mawe. Waokote jiwe lililopasuka upya na walitazame kwa karibu: wataona vijinyota vilivyopangana, kila kimoja nyumba ya mdudu wa tumbawe, na hapa na pale kombe la chaza lililoganda ubavuni. Kuta za nyumba zao zimejengwa kwa bahari ya kale. Wakishaona hayo, sidhani kama kuna atakayekuuliza tena barafu inamhusu nini.

Sasa kuhusu makongamano yenyewe. Watu hudhani ni mahali ambapo wenye kujua huwaeleza wasiojua. Historia ya fani hii inasema vingine, na nitakupa visa viwili.

Mnamo Julai 24, 1837, mjini Neuchâtel, Uswisi, chama cha wanasayansi wa nchi hiyo kilikuwa na mkutano wake wa mwaka. Rais wa mkutano, Louis Agassiz, alikuwa bingwa wa samaki waliogeuka mawe, na wajumbe walikaa wakitarajia hotuba ya samaki. Akawazungumzia barafu: kwamba zamani ilifunika nchi zile, na ndiyo iliyobeba majabali makubwa yanayoonekana yamekaa peke yake mabondeni, mbali na milima yaliyotoka. Ukumbi ulichafuka. Wakubwa wa jiolojia waliokuwapo walikasirika, wengine wakamshauri arudi kwa samaki wake. Lakini Agassiz hakuliokota wazo lile hewani. Alilipata kwa wahandisi wawili, Jean de Charpentier na Ignaz Venetz, na hao walikuwa wamelisikia kwa mwanakijiji wa bonde la Bagnes aitwaye Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa mbuzi mwitu wa milimani. Yeye alikuwa ameona mikwaruzo kwenye miamba ya bondeni, akaifananisha na ile inayochorwa na barafu huko juu. Alipomwambia Charpentier mwaka 1815, Charpentier hakumwamini. Ilichukua miaka mingi maneno ya mwindaji kufika jukwaani, na yalipofika yalisemwa na kinywa kingine.

Kisa cha pili ni chetu. Januari 1947, Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliitisha Nairobi kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kabla ya maandishi. Wakati huo Ulaya ilikuwa na hesabu yake ya enzi nne za barafu, zilizopewa majina ya mito ya huko: Günz, Mindel, Riss na Würm. Huku kwetu, E. J. Wayland wa idara ya jiolojia ya Uganda, na Leakey mwenyewe, walikuwa wameona fuo za kale za maziwa zikiwa juu sana ya maji ya leo. Wakasema hizo ni alama za vipindi vya mvua kubwa. Vikapatikana vinne, navyo vikapewa majina ya huku: Kagera, Kamasia, Kanjera, na cha mwisho kikaitwa kwa pango la Gamble lililo karibu na Elmenteita. Nne kwa nne. Ulaya ikiganda, Afrika inanyeshewa. Kongamano likaipokea hesabu hiyo na vitabu vikaifundisha.

Ilipendeza mno, na kupendeza huko kungetosha kuwatia watu shaka. Mtu angeuliza tu: nani amepima umri wa fuo hizi? Hakuna aliyekuwa amepima, kwa sababu njia haikuwepo. Umri wa Afrika ulikuwa umeazimwa Ulaya. Njia ilikuja mwaka 1949, Willard Libby na wenzake wa Chicago walipoonyesha kwamba kaboni 14 inaweza kutoa umri wa kitu kilichokuwa hai. Kufikia miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, konokono na makombe ya fuo za maziwa yetu ya Bonde la Ufa yalikuwa yamepimwa, na majibu yakapindua meza. Maziwa yalijaa kati ya miaka 10,000 na 8,000 iliyopita, wakati barafu ya Ulaya ilikuwa imekwisha au inamalizikia. Barafu ilipokuwa kwenye kilele, maziwa yalikuwa chini. Ziwa Viktoria lenyewe lilikauka, yapata miaka 17,000 iliyopita. Mashapo yaliyochimbwa katikati yake, yaani tope lililotulia chini ya ziwa, yana tabaka la udongo uliowahi kukaa juani. Majina yale manne yakaachwa.

Sababu si ngumu kuieleza darasani. Bahari ya Hindi ikipoa hutoa mvuke mchache, na pepo zinazoleta mvua hubeba kidogo. Kisha pana mwendo wa dunia: mhimili wake huyumba kwa mzunguko wa miaka kama 23,000, na kila unapoyumba jua la kiangazi linazidi upande mmoja na kupungua upande mwingine. Miaka 10,000 hivi iliyopita kaskazini mwa ikweta palipata jua kali la kiangazi, monsuni za Afrika zikapata nguvu, na Sahara ikaota nyasi. Hesabu hizi za mzunguko ni za Milutin Milanković, mwanasayansi wa Serbia, na uthibitisho wake mkubwa ulitoka mwaka 1976 kwenye mashapo yaliyochimbwa kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Bahari yetu, mwalimu, ingawa huko mbali hakuna jahazi la Amu lililowahi kufika.

Hata hivyo, usije ukabeba sheria mpya ya kijumla mahali pa ile ya zamani. Pwani haikufuata bara hatua kwa hatua. Kwenye vilima vya Dzitsoni, kaunti ya Kilifi, kilomita kama 15 kutoka baharini, kuna pango la Panga ya Saidi. Watu waliishi humo, kwa vipindi, kwa miaka 78,000, na mabaki yanaonyesha mchanganyiko wa msitu na nyasi uliodumu hata wakati bara likiwa kavu. Humo ndimo alimozikwa mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, ambaye watafiti walimpa jina la Mtoto. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, naye ndiye mtu wa kale zaidi anayejulikana kuzikwa kwa makusudi barani Afrika. Barafu ikizidi kaskazini na maziwa yakipungua bara, pwani hii ilikuwa mahali pa kukimbilia. Hilo sikulisikia katika elimu yangu yote ya chuo kikuu, na sisi tulikuwa tunasomea pwani.

Nikija kwenye kazi ninayoijua kwa mikono, nikupe mfano wa Malindi. Katika hifadhi ya bahari hapa, iliyoanzishwa mwaka 1968, kuna matumbawe makubwa ya mviringo yanayokua polepole, milimita chache hadi sentimita moja na kidogo kwa mwaka. Mpiga mbizi hushuka na keekee, akatoboa katikati na kutoa mti wa jiwe, kisha tundu huzibwa ili tumbawe liendelee kuishi. Mti huo hupasuliwa vipande vyembamba na kupigwa eksirei, na picha inatoa mistari, mweupe na mweusi, jozi moja kwa kila mwaka. Kemia ya kila mstari inasema maji yalikuwa na joto gani. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, wakiwamo Tim McClanahan na Nyawira Muthiga waliofanya kazi yao nyingi hapa Kenya, walitoa rekodi ya tumbawe moja la Malindi kutoka 1801 hadi 1994. Ilionyesha kwamba joto la maji yetu lilikuwa likipanda na kushuka pamoja na la Pasifiki ya tropiki, upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana El Nino ikitajwa huko, sisi huku tunaanza kutazama mawingu.

Tumbawe jingine la hapa, lenye miaka kama 300, lilisomwa kwa ajili ya udongo. Mto Sabaki unaomwagika kaskazini mwa mji huanza nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, na mvua ikinyesha huko bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo lina madini ya bari, na tumbawe linayameza. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kiwango chake kikiwa kidogo na tulivu tangu karibu 1700, kisha kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya juu ilipogawanywa na kulimwa kikoloni. Ukitaka kueleza mmomonyoko wa udongo kwa watoto wa pwani, anza na jiwe hilo. Halina siasa, na tarehe zake ni kamili.

Kwa hiyo ndani ya ukumbi utakutana na watu wa aina hii: wa matumbawe, wa mashapo ya maziwa, wa chavua, wa mapango, wa barafu za mlimani, na wa modeli za kompyuta, yaani hesabu zinazoiga hali ya hewa ya dunia. Sikiliza sana wanaozungumzia Ziwa Challa, lile la kreta lililoko mpakani karibu na Taveta, chini ya Kilimanjaro. Mwaka 2016 mashapo yake yalichimbwa kwa kina cha zaidi ya mita 200, na yanarudi nyuma karibu miaka 250,000. Mwaka 2023 yalitoa jambo zito: wakati wa enzi ya barafu, katika Pembe ya Afrika, joto likipanda unyevu nao ulipanda, lakini katika miaka 10,000 hivi ya mwisho uhusiano umegeuka, joto likizidi nchi inazidi kukauka. Hapo ndipo historia ya barafu inapogusa sufuria ya leo. Modeli nyingi zinatabiri kwamba masika yetu yataongezeka dunia ikipata joto, na wakati huohuo vipimo vya mvua vimeonyesha masika yakipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980. Huo ndio ubishi ambao utausikia ukumbini na mpaka kwenye foleni ya chakula, na kusema kweli mimi nina wasiwasi na modeli kuliko na mashapo.

Watu wa modeli huigawa dunia miraba miraba; waulize ukubwa wa mraba wao. Katika modeli nyingi za dunia nzima, mraba mmoja wa hesabu una upande wa kilomita 100 hivi. Uweke juu ya Amu: unameza visiwa vyote mpaka Kiwayu, na kipande cha bara, na bahari, vyote vikahesabiwa kuwa kitu kimoja. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo mtoa mada alionyesha mustakabali wa mvua ya Lamu kwa rangi moja tu, na ramani yake haikuwa na kisiwa hata kimoja. Alipoulizwa alicheka kidogo, akasogeza slaidi. Waulize pia wa mashapo: umri wameupata kwa njia gani, na unaweza kukosea kwa miaka mingapi? Ni mti mmoja wa mashapo au mingi? Maswali hayo hayahitaji shahada ya uzamivu, na ndiyo yaliyoangusha hesabu ya 1947.

Kuhusu swali la wanafunzi wako, wajibu hivi. Ni kweli enzi za barafu huja na kuondoka, na mwaka 1972 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kujadili kipindi hiki cha joto kitakwisha lini; wawili wao hata wakamwandikia barua Rais Nixon wakihofia baridi. Hesabu zilizokuja baadaye zinaonyesha kuwa mzunguko wa dunia kwa sasa hauelekei huko upesi, na barafu kubwa inaweza kukaa miaka 50,000 bila kurudi. Jambo la pili ni hewa yenyewe. Kwenye kilele cha barafu, kaboni dioksidi ilikuwa sehemu 180 hivi kwa milioni. Katika kipindi cha joto kabla ya viwanda ilikuwa 280. Leo imepita 420. Tofauti ya 100 ilikwenda sambamba na kuondoka kwa barafu iliyofunika Kanada, na sisi tumeongeza zaidi ya hiyo kwa karne moja na nusu. Anayengoja barafu imwokoe, atangoja akiwa ndani ya maji.

Nikuonye jambo moja usije ukaudhika. Ikiwa unachotaka ni kujua masika ijayo itakuwaje, au lini kusi itakaza ili wazazi wa wanafunzi wako waamue kutoka au kutotoka, kongamano hili si mahali pake. Hilo lina vikao vyake. Kituo cha tabianchi cha IGAD (jumuiya ya nchi za kanda yetu), kiitwacho ICPAC, hukutanisha wataalamu wa Pembe ya Afrika mara tatu kwa mwaka kabla ya misimu, utaratibu ulioanza miaka ya 1990, kisha idara ya hali ya hewa huuteremsha utabiri hadi kaunti. Ulizia ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yako, uombe kuhudhuria. Ni karibu zaidi.

Sasa cha kubeba. Usiende na maoni, nenda na vipimo. Shule iliyo kisiwani ina mambo ambayo mtafiti wa mbali hawezi kuyapata kwa wiki zake mbili: maji ya bamvua yamefika kidato gani cha ngazi ya gati, na tarehe gani, kisima kipi cha mtaani kimeanza kuwa na chumvi, na tangu lini, picha za zamani za ukingo wa mji zikiwekwa kando ya za leo, zimepigwa mahali palepale. Manahodha wazee nao wana hesabu ya misimu kwa mwaka wa Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi, na wengine wanakumbuka kaskazi ilianza mwongo gani. Andika yote, lakini jihadhari: mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne dhidi ya kalenda ya ukutani. Asiyelirekebisha hilo atatangaza kwamba upepo umebadilika, kumbe iliyosogea ni kalenda. Ukiisahihisha hesabu hiyo na kuweka miaka 40 ya kumbukumbu kwenye jedwali, utakuwa na kitu ambacho hakuna maabara ya Ulaya inayo.

Omba nafasi ya bango, yaani karatasi kubwa ya kazi yako inayobandikwa ukutani, si ya hotuba. Hotuba ni dakika kumi na mbili na maswali mawili ya haraka, halafu mwenyekiti anakupigia kengele. Kwenye bango unasimama saa nzima, anayependa kazi yako anakuja mwenyewe, mnazungumza Kiswahili au Kiingereza mpaka mnaelewana, na hapo ndipo urafiki wa kazi unapoanza. Ikisiri, yaani muhtasari wa kazi unaoipelekea kamati, iwe maneno kama 250: umeona nini, wapi, umepimaje, na unadhani maana yake nini. Usitie neno "tabianchi" mara kumi ili ionekane ya kisomi. Kamati zimechoka nalo.

Ukiwa huko jiandikishe PAGES, mtandao wa watafiti wa mabadiliko ya kale ya dunia ulioanza mwaka 1991. Uanachama ni bure. Ulizia pia EAQUA, chama cha watafiti wa Kwatenari wa Afrika Mashariki, yaani wa kipindi cha miaka milioni 2.58 ya mwisho ambamo enzi za barafu zinaangukia. Shirika kubwa la dunia ni INQUA, lililoundwa Copenhagen mwaka 1928 na linalokutana kila miaka minne. Lilikuja Durban mwaka 1999, na la 2023 lilikuwa Roma. Kwa mwanzo hulihitaji, lakini lina fungu kwa watafiti wa nchi zetu, hivyo jina lako likijulikana kwa watu wa EAQUA njia inakuwa fupi.

Na usione haya kuuliza swali gumu kwa wageni: miti ya matumbawe yetu na mashapo ya maziwa yetu inahifadhiwa wapi, na mwanafunzi wa Kenya akitaka kuyaona atumie njia gani? Wengi watakujibu vizuri, baadhi watatazama viatu. Liulize mbele ya watu.

Ada ya kuingia ni jambo la kulishughulikia mapema. Makongamano mengi yana punguzo kwa walimu na wanafunzi wa kanda na msaada wa nauli kwa wachache, ila hayaandikwi kwa herufi kubwa. Barua ya kuomba itume siku hiyohiyo unapotuma ikisiri, ikiwa na sahihi ya mwalimu mkuu, kwa sababu fungu hilo huisha kabla ya nafasi za ukumbini.